Maji Matatu ya Mahindi

Siku ile nilitoka nyumbani na sufuria ya uji kichwani, ingali ya moto, kitambaa peke yake kati ya nywele zangu na chuma, nikapita barabara nzima ya mtaa wetu bila kusalimia mtu. Anayeishi Manika, upande wetu wa Kolwezi, anajua maana yake. Kwetu hupiti mbele ya mlango wa mama mwenzako asubuhi bila kusimama kidogo, kuuliza kama watoto wameamka, kama maji yametoka. Mi nilipita. Nikafika kwenye mashine ya unga, nikawaruka wanawake waliopanga mabeseni yao kwa foleni, nikaweka sufuria juu ya mizani ya mwenye mashine na kufungua kifuniko.

“Onja, tata.”

Huyo tata, baba wa mashine kama tunavyomwita, alikuwa na kalamu sikioni na unga mpaka kwenye kope. Alinitazama, akatazama sufuria.

“Mama, kuko nini asubui yote hii?”

“Minakuambia onja. Njo bouillie ya unga yako.”

Foleni ikaanza kucheka. “Kula, tata! Leo banakuletea mpaka ku kazi!” Mwingine akadakia: “Bibi yake akisikia, atakuya na mwiko.” Nadhani ni kicheko hicho kilichomlazimisha. Alichukua kijiko nilichokuja nacho, akachota kidogo, akaweka mdomoni kwa madaha ya mtu asiye na hatia. Akatafuna mara mbili. Kisha taya ikasimama.

“Iko muchanga kidogo,” alisema.

“Ile muchanga kidogo njo imevunja jino ya mutoto wangu.”

Wanawake wa mbele waliinama kutazama ndani ya sufuria.

Ilikuwa imetokea muda mfupi tu kabla. Binti yangu mkubwa, wa miaka tisa, alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo karibu na mbabula, jiko letu la makala, yaani mkaa, amevaa sare, shati jeupe na sketi ya buluu, kopo la uji mikononi, na mi nilikuwa nimesimama juu yake kama askari. Nilikuwa nimesema hatatoka kwenda shule kabla ya kumaliza. Alichota kijiko kilichojaa, kwa hasira, akauma kwa hasira pia, na nikasikia mlio. Si mlio mkubwa. Kama mtu anayekanyaga kipande cha makala. Alifungua mdomo, damu haikutoka, lakini jino la mbele lilikuwa limekatika pembe. Jino jipya, lililoota mwaka juzi. Yale ya utoto tuliyarusha juu ya paa, kila moja, na kelele nyingi. Hiki kipande nilikishika kwenye kiganja sikujua nikirushe wapi.

“Nilikuambia,” alisema binti yangu. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie. “Nilikuambia ile bouillie iko nauma meno. Ukasema minaringa.”

Ni kweli. Nilisema hivyo.

Mama yangu nilimwita mamu, kama tunavyoita sisi watu wa Kasai, hata sisi tuliozaliwa hapa hapa Kolwezi na ambao Kasai tunaijua kwa kusimuliwa tu. Babu yangu ndiye aliyeletwa kwa kazi ya mgodi. Mamu yeye alikuwa na kashamba kake nje ya mji, mahindi na soya, na kalanga kwenye matuta ya pembeni, na kutoka kashamba hako alitulisha asubuhi sita kila wiki mpaka nikamaliza sekondari. Leo pale kuna ukuta wa mgodi na malori yanaingia na kutoka. Siandiki juu ya ukuta. Naandika juu ya uji.

Jumamosi alikaanga soya kwenye sufuria kavu, akikoroga bila kuacha, mpaka maganda yanapasuka na ile harufu mbichi ya maharagwe inaondoka na nyumba nzima inanukia kama kahawa. Kalanga alizitwanga mwenyewe, maana kalanga peke yake huwezi kupeleka kwenye mashine; mafuta yake yanaganda kwenye mawe ya kusagia na mwenye mashine anakufukuza na beseni lako. Mahindi makopo matatu, soya kopo moja, kalanga kopo moja. Asubuhi alikoroga unga na maji baridi kwanza, ndipo moto, na uji ukishachemka vizuri hakuuacha uendelee kula makala. Aliipua, akafunga sufuria na blanketi kuukuu, akaiweka ndani ya beseni kama mtoto mchanga. Uji ulijipika wenyewe humo wakati sisi tunaoga, tunatafuta viatu, tunagombana juu ya daftari. Tukiwa tayari, alifunua blanketi.

Nautamani ule mvuke. Natafuta neno jingine na silipati. Nina miaka ishirini na nane, nina diploma yangu, nina watoto wawili, na kuna asubuhi nyingine nasimama katikati ya nyumba yangu kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, kumbe ninachotaka ni mtu mmoja tu anifunulie lile blanketi. Mvuke unipige usoni. Aniambie, kunywa, bado moto, puliza. Mamu amefariki huu mwaka wa nne.

Lakini kabla ya vyote hivyo, kabla ya kusaga, kulikuwa na maji matatu. Mahindi aliyamwaga kwenye beseni kubwa na kuyaosha. Maji ya kwanza yalikuwa ya vumbi, aliyamwaga kwenye shina la mpapai. Ya pili yalikuwa meupe kidogo, alituoshea nayo miguu. Ya tatu alitumbukiza mkono wake mpaka chini, kiganja juu, akaniita. “Kuya uangalie. Unaona mistari ya mukono yangu?” Nikiiona mistari yote, mahindi yalikuwa tayari kuanikwa kwenye mkeka. Nisipoiona, anaanza tena. Mi ndiye niliyetumwa kuchota hayo maji kwenye bomba la mwisho wa barabara, na niliyachukia maji matatu kwa moyo wangu wote. Nilijiapiza nikiwa na nyumba yangu sitaosha mahindi. Mashine inasaga, moto unaua kila kitu, sasa kuosha juu ya nini?

Nikatimiza neno langu.

Asubuhi zangu zilikuwa hivi. Mume wangu anachomelea vyuma mgodini Fungurume na tunamuona mara mbili kwa mwezi. Mi nauza tombola sokoni, mitumba ya nguo za watoto, na asiyefika mapema anapanga mzigo wake karibu na mtaro. Shule inafunga lango kengele ikilia. Mtoto aliyechelewa anabaki nje na mfuko wake. Kwa hiyo kati ya kuwasha mbabula na lango la shule nina muda kidogo sana, wa kuogesha wawili, kusuka nywele zilizofumuka, kutafuta soksi ya pili. Jirani zangu wengi wanatoa chai na mkate, na siwahukumu. Mi mwenyewe nimefanya. Lakini mkate na chai unamfikisha mtoto katikati ya hesabu tu, halafu tumbo linaanza kusema. Mi nilitaka watoto wangu waende kama nilivyokwenda mi, wameshiba mpaka mapumziko, bila kulamba vidole vya wenzao.

Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka wa shule, mwenye mashine alipoanza kuuza unga wa uji uliochanganywa tayari, nilifurahi kama mjinga. Mahindi, soya, kalanga, vyote ndani. Unapimiwa kwa meka, lile kopo kubwa la kupimia, unakwenda nyumbani, unapika. “Hii ni ya batoto, mama, iko na nguvu.” Nilimbariki. Mbele za watu.

Wiki ya pili au ya tatu binti yangu alianza kuacha. Kwanza alisema uji una ladha ya chuma. Nikasema ni sufuria, nikabadilisha sufuria. Kisha alisema una mchanga. Nikaonja, nikahisi kitu kidogo kati ya meno, nikatema, nikasema ni jiwe moja, hata mchele una mawe. Kisha akaacha kusema. Kopo lilirudi tupu kila siku na mi nikaridhika, mpaka mama jirani, ambaye anafuga bata nyuma ya nyumba yake, aliponiita juu ya ukuta.

“Mama, aksanti kwa ule musaada.”

“Musaada gani?”

“Bata zangu ziko nanona. Mutoto yako analeta bouillie kila asubui. Na mi nikasema, ile nyumba beko na bwana wa Fungurume, bameshatajirika, bata banakula soya!”

Alicheka mpaka akashika ubavu. Jioni ya siku hiyo hiyo nilikuta kwenye daftari la shule maneno ya mwalimu: mtoto anasinzia darasani, mtoto hafuati, tafadhali mumpe chakula kabla ya kumtuma. Mumpe chakula! Nilisoma mara tatu. Mi, ninayeamka giza likiwa bado uani, niambiwe na mwalimu nimpe mtoto chakula. Nilimpiga binti yangu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimpiga kwa kandambili, nikamwambia kuna watoto wanaobeba mawe huko migodini tangu asubuhi na hawajui uji, na yeye anapelekea bata. Tangu siku hiyo nikaanza kusimama juu yake mpaka amalize. Mdogo wake, wa miaka sita, hakuwa na taabu. Yeye hatafuni, anameza tu. Nilikuwa namsifu. “Ona mudogo yako, ye hana kiburi.”

Hilo nalo nalikumbuka vizuri.

Basi narudi pale kwenye mizani, kijiko bado mkononi mwa mwenye mashine. Nilimuuliza mchanga unatoka wapi. Akasema labda mawe ya mashine yanachakaa. Nikamwambia mawe ya mashine hayana rangi ya kijani. Maana nilikuwa nimeutazama kabla ya kutoka, nimechuja uji kwa kitambaa cheupe: punje nyeusi, na kati yake vichembe vya kijani, ile kijani ya mawe ya shaba ambayo kila mtoto wa Kolwezi anaijua kabla ya kujua kusoma. Nikapita nyuma ya mizani bila ruhusa, nikaingia kwenye stoo yake.

Magunia yalipangwa mpaka juu. Yote yamegeuzwa, ndani nje, mishono inaonekana. Nilifungua mdomo wa moja, nikalikunja. Upande ambao sasa ulikuwa nje ulikuwa na vumbi la kijani kwenye mishono, na upande uliogusa mahindi ulikuwa na herufi na namba za rangi nyekundu, zile wanazoandika kwenye depo wanakonunulia mawe ya wachimbaji.

“Tata, haya ni magunia ya depo.”

“Mama, si unajua gunia mupya iko bei gani? Minawapa batu ba mu bijiji banipakilie mahindi. Na minageuza. Ndani inje. Na nimekunguta! Kila gunia, mara mbili!”

“Ulikunguta na nini? Na maombi?”

Ni mtu wa kanisa, anasimama mbele na gitaa kila Jumapili. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema “yii!” na kufunika mdomo. Mwenye mashine naye akawaka. Na alisema kitu ambacho mpaka leo kinanichoma kuliko mchanga wake.

“Mamu yako nilimujua. Alikuwa nakuya hapa na mahindi yake, inametameta, imeoshwa. Hata siku moja hakunilalamikia. Bino ba mama ba leo munapenda ya tayari, munapika bila kuangalia, kisha makosa ni ya tata wa mashine. Uko na kesi? Enda ku commune!”

“Njo kwenye minaenda,” nilisema. Nikabeba sufuria yangu.

Lakini sikwenda moja kwa moja kwenye commune, ofisi ya serikali ya mji. Nilipita nyumbani kubadilisha kitenge, maana huendi ofisini na uji begani. Binti yangu alikuwa amekaa pale pale, hakwenda shule. Nikaingia chumbani, nikavuta kitenge kutoka juu ya kabati, na macho yangu yakaanguka pembeni, kwenye gunia langu la soya.

Soya yangu mwenyewe. Ya kuongezea, nikiona unga wa tata ni mwembamba. Imefungwa kamba vizuri. Gunia zuri, zito, aliloniletea mume wangu. Mtu alimpa kazini, naye akaniletea kama zawadi, na mi nikalishukuru kwa sababu halipasuki. Nilikuwa nimeligeuza. Ndani nje. Nilikuwa nimelikung'uta uani mara mbili, naikumbuka siku hiyo, nilikohoa.

Nilikaa kitandani. Kutoka pale, kupitia mlango, niliona bafu letu la nje: kuta zake ni magunia. Zulia la mlangoni ni gunia. Mfuko wa makala, gunia. Mtaa mzima tunavaa magunia ya depo kama watu wanavyovaa nguo za kampuni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema, hili hapana, hili lisikaribie chakula. Tumezaliwa ndani ya vumbi hili mpaka tunadhani kulikung'uta kunatosha.

Sikwenda commune siku hiyo. Nilichota maji. Ndoo tatu, kutoka bomba la mwisho wa barabara, lile lile. Mama jirani alinipa mahindi yake ya bustani, machache, bila kuuliza na bila kucheka. Nikayamwaga kwenye beseni. Binti yangu akasogea. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya udongo, hata hayo mahindi ya bustani, kwa sababu malori yanapita na vumbi halichagui. Ya pili yalikuwa afadhali. Ya tatu nikatumbukiza mkono mpaka chini.

“Angalia. Unaona mistari?”

Aliinama. Nywele zake ziligusa maji. “Ile moja ya pembeni siioni.”

“Basi tunaanza tena.”

“Kaku njo alikuwa nafanya hivi?” Kaku ni bibi yake, mamu wangu. Alifariki binti yangu akiwa na miaka mitano. Anakumbuka mikono tu.

“Njo hivi.”

Mahindi yalichukua siku mbili kukauka kwenye mkeka, na siku hizo mbili asubuhi tulikula viazi vitamu vya kuchemsha na kalanga za kutwanga juu yake. Siku ya tatu niliyatwanga kwenye kinu pamoja na soya mpya ya sokoni, nikapika uji. Nikaufunga na blanketi. Nilipoufunua mvuke ulinipiga usoni, na haukuwa ule. Unakaribia. Soya niliikaanga kidogo mno. Binti yangu alitafuna polepole, upande mmoja, akisikiliza meno yake kama mtu anayesikiliza mlangoni. Akamaliza. Nami sikuwa nimesimama juu yake.

Ndipo nikaenda commune. Kwenye ofisi ya usafi kuna tata mmoja mwenye miwani, mpole. Alisoma karatasi yangu ya mashitaka mpaka katikati, akainua kichwa.

“Mama, hapa unajishitaki weye mwenyewe.”

“Niko naona.”

“Plainte haiandikwe hivi. Unaandika makosa ya muntu mwingine. Yako unayaacha ku nyumba.”

“Ya ku nyumba njo mutoto wangu alikula, tata. Piga muhuri.”

Alipiga. Nakala yangu ninayo. Niliiandika kwa Kifaransa cha shule. Kwa Kiswahili inasema hivi:

Kwa mkuu wa ofisi ya usafi wa commune.

Mimi, mama wa watoto wawili wa shule ya msingi, mkaaji wa mtaa huu, nashitaki mwenye mashine ya unga iliyo karibu na bomba, kwa kuweka mahindi ya chakula katika magunia yaliyobeba madini, na kuuza unga huo kwa ajili ya watoto, akijua magunia yanatoka wapi. Amekiri mbele ya foleni. Uji wa unga huo umemvunja binti yangu jino la mbele. Mwanangu mdogo ameumeza kwa miezi na sijui umefanya nini ndani ya tumbo lake. Naomba daktari wa commune amtazame, yeye na watoto wengine walionunuliwa unga ule.

Nashitaki pia wanaouza magunia hayo sokoni kando ya vyakula. Na ninajiandika mwenyewe: nilitunza soya katika gunia la namna hiyo nyumbani kwangu, sikuosha mahindi, na mtoto aliponiambia sikumsikiliza, nikampiga. Sijiandiki ili mnihurumie. Najiandika ili mkija kwenye mashine msiseme ni ugomvi wa mwanamke na tata mmoja. Ni sisi wote.

Ninaomba mje mfungue stoo yake kabla hajahamisha magunia. Ninaomba itangazwe kwenye masoko na makanisa, kwa Kiswahili na kwa Tshiluba, kwamba gunia la depo halirudi kwa chakula, hata likigeuzwa, hata likikung'utwa. Asubuhi msinitafute kabla ya kengele ya shule, nalisha watoto. Baada ya hapo nipo sokoni, upande wa tombola.

Pamoja na barua hii naleta kopo moja la ule unga, kitambaa nilichochujia, na kipande kilichokatwa kwenye gunia langu mwenyewe. Kipande cha jino sikukileta. Hicho ni cha mtoto.